Tatami kwa keja ya Nairobi: venye unaeza kujitengenezea na mikeka yetu

Watu wengi wakisikia tatami wanafikiria ni ule mkeka mwembamba wa Kijapani wa kukunja, alafu mtu ananunua mkeka, anauweka juu ya simiti, analala kwa muda mgongo unaanza kumuuma, anasema hii kitu si yetu. Ule mwembamba Wajapani wanauita goza. Tatami yenyewe ni kipande cha sakafu, kina unene wa kama sentimita 5 hivi, unaeza kuketi hapo siku nzima, ukalala na godoro jembamba tu na magoti yasilalamike. Na mimi naona inafaa sana nyumba zetu za Nairobi, hasa za chumba kimoja, juu inakupea mahali pa kulala, kula na kupokea wageni bila kujaza fenicha. Asubuhi godoro linakunjwa linaenda kwa kabati na chumba kinakuwa sebule.

Iko na sehemu tatu. Ndani kuna tumbo, kwa asili ni nyasi za mpunga zilizokauka zikapangwa tabaka juu ya tabaka, hili linaenda urefu, lingine upana, rundo la kama sentimita 40 likakandamizwa na kushonwa mpaka likabaki 5. Juu kuna uso, huo ndio mkeka, umesukwa na igusa, mmea mwembamba wa majimaji ambao ndani ya shina lake kuna kitu kama sponji, na hiyo sponji ndio inafyonza jasho na unyevu wa hewa na kuurudisha hewa ikikauka. Igusa nyingi ya Japani inalimwa Kumamoto, upande wa Yatsushiro, wanaivuna kwenye mwezi wa sita na wa saba alafu wanaichovya kwa matope maalum kabla ya kuikausha ili rangi na harufu zisipotee haraka. Sehemu ya tatu ni pindo, kitambaa kinachoshonwa kwa zile pande mbili ndefu pekee, pande fupi hazina. Zamani pindo ndio ilikuwa inaonyesha cheo cha mtu, kuna miundo ilikuwa ya wakubwa na mahekalu peke yao. Enzi za Heian, kuanzia 794 mpaka 1185, tatami yenyewe ilikuwa ya wakubwa tu, unawekewa moja ya kuketi kwa sakafu ya mbao, na ni baadaye sana, enzi za Muromachi, ndio walianza kujaza chumba chote.

Sasa tuingie kazi, na kazi inaanza na vipimo kabla hujanunua kitu chochote.

Huko Japani hakuna saizi moja. Ya Kyoto ni sentimita 95.5 kwa 191, ya Tokyo ni 88 kwa 176, na kuna za fleti ambazo ni ndogo zaidi. Kitu hakibadiliki ni kwamba urefu ni mara mbili ya upana. Hiyo ndio sheria ya kushika, juu ndio inafanya vipande viingiliane vyovyote utakavyovipanga. Chukua keja yetu ya kawaida ya ten bai ten, hiyo ni kama sentimita 305 kila upande. Ukipiga hesabu ya eneo peke yake utaona tatami sita za Tokyo zinatosha, lakini sita zinatengeneza chumba cha 264 kwa 352, hazitaingia. Zinazoingia ni nne na nusu, zinafanya mraba wa 264, na unabaki na kama sentimita 41 ukutani pande mbili. Hiyo 41 usiihuzunikie, hapo ndio viatu vinakaa, hapo ndio nyaya za stima zinapita, hapo ndio ndoo ya maji inasimama. Tatami na ndoo ya maji visikaribiane.

Lakini kwa kuanza mimi nakushauri usijaze chumba. Tengeneza nne ndogo za futi 2 kwa futi 4, yaani 61 kwa 122. Kwa nini hiyo saizi? Juu sofboadi, ile bodi laini tutakayotumia kwa tumbo, na plaiwudi zote hapa zinauzwa futi 8 kwa 4, kwa hivyo shiti moja inatoa vipande vinne kamili bila kutupa hata kidole. Na vipande vinne vya hivyo vinakupea eneo la futi 4 kwa 8, mtu mrefu analala na mahali pa kuweka kikombe cha chai panabaki.

Alafu angalia sakafu yako. Kama uko ghorofa ya juu na kuna taili, uko sawa. Kama uko chini kabisa, au ni simiti tupu, chukua kipande cha nailoni kama meta moja, kibandike chini na tepu pande zote, kiache siku nzima. Ukikibandua upate matone upande wa chini au simiti imekuwa nyeusi, hiyo sakafu inapumua maji na itaozesha kitu chochote cha nyasi unachoweka juu. Watu hapo hukimbilia kutandika polithini ya geji 1000 chini ya mkeka wakidhani wametatua, kumbe maji ya chini umeyazuia lakini jasho la mwili linashuka kutoka juu linakwama hapo hapo, na baada ya mvua ya Aprili ukiinua unakutana na ukungu mweusi. Dawa yake ni kuinua. Tafuta paleti, ziko nyingi Industrial Area na mafundi wa Gikomba wanaziuza, chagua ambazo hazina mafuta wala harufu ya kemikali, zipige msasa, mbao za juu ziachane kama vidole viwili. Hewa ikipita chini umemaliza shida kubwa kuliko zote. Kama sakafu ni kavu hata fito za inchi moja zinatosha.

Sasa tumbo. Kuna njia mbili na nitasema wazi ninayoipenda.

Ya kwanza ni nyasi za mpunga kweli, na hizo tunazo, Mwea wanavuna mpunga na majani yanafungwa beli yanauzwa kwa wafugaji. Ukitaka kujaribu, nunua zilizokauka kabisa, ukivunja shina liseme "tak", likijikunja tu bado lina maji. Nusa katikati ya beli, harufu ya ukungu ikikupiga achana nayo. Lakini ujue kukandamiza 40 ibaki 5 kwa mikono ni kazi ngumu sana, Wajapani wenyewe waliwachia mashini zamani, na tatami moja kamili ya nyasi inafika kilo 30 hivi. Kwa hivyo nyasi zitumie kwa mto wa kuketi, mraba mdogo wa futi mbili, sio kwa kitanda.

Ya pili ndio naipenda, na si ya kudanganya, juu tatami nyingi zinazouzwa Japani siku hizi zimetengenezwa hivyo hivyo, tumbo la bodi ya nyuzi za mbao, mara nyingi na polistirini katikati. Hapa bodi hiyo ni sofboadi, ile ya silingi na ya notisi bodi, ya milimita 12. Chini sofboadi, katikati polistirini ya milimita 25, juu sofboadi, jumla 49, ukiongeza mkeka uko kwa sentimita 5. Polistirini iwe ile nzito ya wajenzi, ukiifinya na kidole isibaki na shimo, sio ile nyepesi ya kupakia TV ambayo itabonyea mwezi wa kwanza. Kwa tatami nne unahitaji shiti mbili za sofboadi na shiti moja ya polistirini ya saizi hiyo hiyo.

Ila kama unapika humo humo chumbani, kwa jiko la makaa au gesi ndogo ya mtungi, wacha polistirini kabisa. Inashika moto haraka na moshi wake ni sumu. Panga sofboadi nne, inakuwa 48, ni nzito kidogo na bei inapanda lakini unalala na amani. Na hata hivyo sofboadi ni mbao na mkeka ni nyasi, koili ya mbu na mshumaa zikae mbali, kwa sahani ya bati juu ya simiti.

Gundi: tumia ile nyeupe ya mbao. Ile ya manjano ya viatu, yenye harufu kali, inayeyusha polistirini, unaona tu bodi imezama katikati na hujui ni nini. Paka nyembamba, panga tabaka, weka juu madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji na uache siku mbili, juu gundi hiyo inakauka polepole ikiwa katikati ya bodi. Ikishakauka piga kingo msasa ziwe nyoofu, maana kila kosa la kingo litaonekana kwa uso.

Kwa mkeka wa juu, chukua muda. Ule wa mafunjo wa upande wa ziwa ni mzuri kwa silingi na ukuta lakini kwa kukanyagwa mashina yake yanavunjika. Unataka mkeka wa pwani, wa ukindu au milala, uliosukwa ukili mwembamba, yaani ule utepe mrefu wa majani, na kushonwa karibu karibu. Kariokor unapata, na City Market pia. Uliza "Mama, huu ni wa wapi?" na usiridhike na jibu la kwanza, ugeuze uone nyuma. Mshono wa ukili na ukili uwe umebana, ukivuta na vidole viwili pasionekane mwanga. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mkeka unanunuliwa na mkono, sio macho," na akanishikisha miwili na macho yamefungwa, mmoja ulikuwa unakwaruza na mwingine unateleza, na kwa macho ilikuwa sawa kabisa. Kama una rangi, lowesha kitambaa cheupe usugue kona moja, kikitoka na rangi basi shuka zako pia zitatoka nayo. Mikeka ya plastiki ya Eastleigh ni rahisi kuosha na mwenye watoto wadogo simlaumu akiichukua, ila haifyonzi kitu, usiku wa joto mgongo unabaki na maji, na hapo umekosa ile kazi yenyewe ya tatami.

Kabla mkeka hujauingiza ndani, uanike jua kali na ukague kila mshono ukitafuta kunguni. Hii usiiruke. Nairobi kunguni ni shida ya kweli na mkeka wenye mishono mingi ni nyumba yao nzuri. Pitisha pasi ya mvuke polepole kwa mishono yote, joto likipita digrii 50 wanakufa na mayai yao, dawa ya kupuliza itakuachia madoa na harufu.

Kwa tatami moja ya futi 2 kwa 4 kata mkeka futi 3 kwa 5. Ule ziada ni inchi sita kila upande, yaani kama sentimita 15, sentimita 5 hivi zinapanda kingo na zilizobaki zinaingia chini. Lakini usikate tu na makasi, mkeka wa kusuka ukikatwa unafunguka wote. Chora mstari na chaki, shona mistari miwili ya uzi upande wa ndani wa mstari wako, imebanana, ndio ukate nje yake. Fundi wa viti vya sofa atakushonea na mashini yake kwa dakika chache.

Laza mkeka uso chini kwa sakafu safi, weka tumbo katikati. Nyunyizia maji kidogo mahali pa kukunja pekee, subiri majani yalegee, maana yakiwa makavu yanavunjika kwa mkunjo na baadaye utaona nyufa za kahawia. Kunja pande fupi kwanza, alafu ndefu. Usitumie stepla, sofboadi haishiki pini, zitang'oka. Chukua sindano ya gunia na kamba nyembamba ya katani ushone kutoka ukingo huu kwenda ule, huku na huku chini ya tumbo, venye unafunga kamba za kiatu, ukivuta kila mzunguko mpaka uso wa juu ukipigwa na kiganja utoe sauti kavu kama ngoma ndogo. Ukiwa na mtu wa kukusaidia mmoja avute, mwingine ashone. Mwisho piga fundo la kufunguka, usikate wala kuchoma kamba, nitakuambia kwa nini. Iache ikauke mahali pa hewa, sio juani moja kwa moja, mpaka ile mikunjo iwe mikavu kabisa ndio uguse pindo.

Pindo ndio inaipa sura, na mimi hapa ndio napenda kazi hii zaidi. Leso ni nzuri kwa macho lakini ni nyepesi, italika. Nenda Biashara Street uchukue kikoi, kimefumwa kigumu na ile mistari ya ukingoni imenyooka yenyewe, au kaki ya sare ukitaka rangi moja ya giza. Kata vipande vya upana wa sentimita 15 na urefu wa 140. Siri iko hivi: usiishone ikiangalia juu. Ilaze kinyume, uso wake ukiangalia mkeka, na sehemu kubwa ikielekea katikati ya tatami, weka juu yake ukanda wa karatasi ngumu ya katoni ulionyooka, shona sentimita 3 kutoka ukingo kupita kitambaa, karatasi na mkeka pamoja. Alafu igeuze nje ifunike ule mshono, ishuke ukingoni, ikunjwe chini na kushonewa kwa kamba za katani. Mshono unajificha ndani na mstari unatoka umenyooka juu ya ile karatasi. Mafundi wa Kijapani wanafanya hivyo hivyo, nao pia wanaweka karatasi ngumu ndani ya pindo.

Kuzipanga nako kuna adabu yake. Pembe nne zisikutane mahali pamoja zikafanya msalaba. Kwa kawaida ya Japani mpangilio wa raha ni ule ambao pembe zinakutana kwa umbo la T, na ule wa misalaba na mistari mirefu ulitumika kwa matanga. Na hata ukiacha mila, T inashika vizuri zaidi, vipande havitembei. Kwa zako nne: mbili katikati zimelala ubavu kwa ubavu kwa urefu wa eneo, moja imekatisha kichwani, moja imekatisha miguuni. Hiyo ndio futi 4 kwa 8, na hakuna msalaba popote. Chumba kidogo si kitu cha kuonea aibu, Taian, kile chumba cha chai cha Sen no Rikyū, bingwa wa zamani wa sherehe ya chai ya Kijapani, ambacho Wajapani wanakienzi mpaka leo, ni cha tatami mbili tu.

Viatu vinabaki chini, na slipa pia, huyo mgeni awe nani. Kwetu kuvua viatu mlangoni si jambo geni kwa hivyo utamwambia tu "karibu, vua hapo." Pindo usikanyage kanyage, zamani ilikuwa heshima na siku hizi ni kwamba inachakaa haraka. Kiti cha miguu minne kisipande hapo, tumia meza fupi yenye ubao mpana chini. Kikiacha alama ya kubonyea, weka kitambaa chenye unyevu kidogo upitishe pasi ya moto wa wastani, jani linafura linarudi.

Vumbi letu jekundu fagia na fagio laini ukifuata mwelekeo wa ukili, ukikatisha unalisukuma ndani ya mishono. Japani walikuwa wananyunyiza majani ya chai ya kijani yaliyokamuliwa ndio yashike vumbi wakifagia, lakini usijaribu na chai yetu, itakuachia madoa ya kahawia. Kufuta ni kitambaa kikavu, au kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone. Chai ikimwagika usisugue, gandamiza na kitambaa kikavu haraka, mwagia chumvi au unga ufyonze, ukikauka utoe na brashi. Ukungu ukitokea, na kuanzia Juni mpaka Agosti na ile baridi yetu isiyo na jua unaeza kutokea hata kwa nyumba safi, usiufute na maji, unaulisha. Fungua dirisha, pakaa spiriti ya duka la dawa, iache kidogo, piga brashi kavu kufuata ukili, alafu simamisha tatami mahali upepo unapita.

Godoro likunjwe kila asubuhi, hata siku umechelewa kazi, tatami inahitaji hizo saa za mchana kukauka. Na mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya ile fupi, ziinue zote, ziegemeze ukutani mchana kutwa madirisha yakiwa wazi, fagia chini ya paleti.

Sasa ile kamba. Huko Japani baada ya miaka kama 3 mpaka 5 wanafungua uso na kuugeuza, upande wa ndani ambao bado ni mpya unakuja juu, na baadaye ndio wanaweka uso mpya kwa tumbo lile lile. Mkeka wa ukili pande zake mbili karibu ziko sawa, kwa hivyo siku uso ukianza kung'aa na kuchubuka mahali unaketi kila siku, toa pindo, fungua fundo la katani, nyunyizia mikunjo ilegee, geuza, na uvute tena.